Jirani akilalamikia mtambo wako wa upepo, aende wapi?

Mteja wetu mmoja wa Kajiado alitupigia simu alfajiri. Mtambo tuliomfungia ulikuwa umelia usiku kucha na jirani hakupata lepe la usingizi. Tulikuta beringi imekwisha, tukaibadilisha siku hiyo hiyo. Jirani naye alikuwa ameshafika ofisi za kaunti, na alikuwa na haki kabisa.

Wengi hudhani malalamiko ya mitambo ya upepo lazima yapelekwe EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, au NEMA, mamlaka ya mazingira. Ofisi hizo zina sehemu yake, lakini Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero nyingine za umma. Kwa hivyo anza na afisa wa mazingira wa kaunti yako. Mpelekee maandishi: tarehe, saa, upepo ulikuwa unatoka upande gani.

Kanuni za kelele za 2009 zinaruhusu, nje ya nyumba za makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku wenyewe unahesabiwa kuanzia saa mbili. Hiyo 35 ni ndogo sana. Upepo ukivuma kwenye miti tu, kipimo kinaweza kupita hapo. Ndiyo maana tunasisitiza afisa apime mara mbili, mtambo ukizunguka na ukiwa umefungwa breki, katika upepo ule ule. Bila hivyo mwenye mtambo anaweza kuonewa, au mlalamikaji akaambiwa anasikia miti.

Kivuli cha mapanga ya mtambo kinachopitapita dirishani jua linapochomoza au kutua hakipimwi kwa desibeli. Dawa yake ni kuchagua vizuri mahali pa mlingoti, kabla ya kuchimba. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kwa ujenzi, na asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mambo hayo. Siku hizo huisha haraka.

Wakazi wasiposikilizwa mapema, hata mradi mkubwa huanguka. Ule wa umeme wa upepo wa Kinangop, wa megawati 60, uliachwa 2016 baada ya wenyeji kuupinga.

Sisi hatuchimbi shimo kabla ya kuona kibali, na tunaomba mteja atupeleke kwa majirani tuzungumze nao. Kama mtambo wako umeanza kulia, ufunge breki usiku huu, kisha utupigie asubuhi.