Sio kila kidonda ni cha asidi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Hapa kwetu Ujiji mtu akishika kifua tu jirani ameshampa jina, "vidonda vya tumbo hivo", na duka la dawa linamalizia kazi kwa maginisia na omeprazo, dawa za kutuliza asidi ya tumbo.

Kaka yangu anatumia ARV ila kuna kipindi aliziacha karibu mwaka mzima, eti yuko fiti. Akaanza kushindwa kumeza. Ugali wa muhogo ndo usiseme, hata uji wa vuguvugu ukishuka anafumba macho anashikilia meza mpaka upite. Miezi miwili tunamtafunisha maginisia! Alipokuja kupitishwa kamera vidonda vikaonekana viko kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni, wala sio tumboni, wakakata kinyama wakapima, kumbe ni kirusi cha sitomegalo. Hicho wengi wetu tunacho kimelala tu, ila CD4, zile seli za kinga ya mwili, zikishuka sana, hasa chini ya 50, kinaamka.

Daktari akanieleza kitu sikuwahi kusikia. Seli za mwili huwa zinajimaliza zenyewe kimyakimya na za jirani zinazila, wataalamu wameiita apoptosisi tangu 1972, na ndo maana ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba inakuwa mpya kila siku 3 hadi 5. Sasa VVU inavuruga huo utaratibu, CD4 nyingi zinakaa kwenye utumbo na nyingi zinazokufa wala hazina kirusi ndani, zinasukumwa tu zijiue. Walinzi wakiisha, virusi kama sitomegalo na hepesi vinajilia ukuta wa umio, seli zinakufa haraka kuliko zinavyozaliwa, ndo hilo shimo. Maginisia itaziba nini hapo?

Tena afadhali ingekuwa haizibi tu. Ukiimeza pamoja na dolutegravir, iliyomo kwenye kile kidonge kimoja cha ARV cha kila siku, inaing'ang'ania dawa isiingie vizuri mwilini. ARV hiyo inatakiwa imezwe masaa 2 kabla ya maginisia au 6 baada yake. Muuza duka hakuwahi kumuuliza kaka anatumia dawa gani, na kaka naye asingesema mbele za watu (hata mi nisingesema).

Saivi amerudi kwenye dawa, juzi kala mgebuka mzima na mawese. Maginisia bado ipo pale kaunta kwenye kopo, unahesabiwa vidonge kwenye kikaratasi unaenda zako.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma