Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: macho yetu yaangaliwe hadi ndani

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kuhusu uvimbe wa ndani ya jicho, ule ambao madaktari wa macho huuita yuveitisi. Naomba Lamu ianze kuutambua na kuuandika, ili wagonjwa wetu nao wahesabiwe katika utafiti wa tiba yake.

Macho mekundu ya kuambukizana hutoa tongotongo, na mara nyingi hupoa yenyewe. Macho mekundu ya yuveitisi hayana tongotongo. Wekundu huzunguka kile cheusi cha jicho, mwangaza huuma, na mtu huona ukungu. Shangazi yangu alikuwa akishinda dakani kajifunika leso usoni mchana kweupe. Duka la dawa lilimuuzia matone ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, bila kipimo chochote. Maumivu yakatulia, akawa anarudi kununua mengine. Alipofikishwa kwa daktari wa macho Mombasa, mboni haikuwa duara tena. Kingo zake zilikuwa zimegandana na lenzi iliyo nyuma, zimefanya pembepembe, na mtoto wa jicho ameshaanza. Presha ya jicho nayo ilikuwa juu.

Steroidi ni tiba ya kweli zikisimamiwa na mjuzi. Zikitumiwa kiholela huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha, na mshipa wa kuonea ukishakufa kwa presha haufufuki. Jicho lenye kidonda cha virusi vya herpesi likitiwa matone hayo peke yake, kidonda huenea.

Hapo ndipo utafiti unapotuhusu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 216 kutoka India, Marekani, Australia, Saudi Arabia na Mexico. Zililinganishwa dawa mbili zinazoshusha kinga ya mwili, za kumwezesha mgonjwa kupunguza steroidi, na methotreksati, dawa kongwe ya bei nafuu, haikushindwa na mwenzake mikofenoleti. Kufikia miezi 6 ilikuwa imewafaa karibu wagonjwa wawili kwa kila watatu. Kwa mtu wa Faza au Kiunga hiyo ni habari kubwa! Lakini methotreksati humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku; mjamzito haimfai; na damu hupimwa mara kwa mara kuangalia ini. Tena kabla ya kuianza ni lazima ijulikane kwamba uvimbe hautokani na kifua kikuu, kaswende wala toksoplasmosisi, ugonjwa wa vimelea, kwani kushusha kinga ya mwili hapo ni kuuachia ugonjwa uenee. Bila maabara, basi, matokeo hayo hayatufai kitu.

Utafiti mwingine, wa wagonjwa 255, ulilinganisha kipandikizi cha steroidi kinachowekwa ndani ya jicho na dawa za kumeza. Miaka ya mwanzo makundi hayo mawili yalikaribiana. Ulipofika mwaka wa 7, waliotibiwa kwa dawa za kumeza ndio waliokuwa wakiona vizuri zaidi. Jambo hilo lisingejulikana kama wagonjwa wangeachwa njiani. Kwetu mvuvi huhama na msimu, na daftari lililoandikwa “macho” tu halimwambii mtafiti lolote.

Kwa hivyo naomba kila hospitali kubwa ya kaunti, ya kisiwani na ya bara, iwe na ile mashine ya kuangalia jicho kwa ndani, ambayo mgonjwa huiwekea kidevu, na mtu aliyefunzwa kuitumia. Jina la ugonjwa, chanzo chake na hali ya kuona viandikwe kila ziara. Maduka ya dawa yakaguliwe, matone ya steroidi yasitoke bila cheti cha daktari. Kilifi, wenzetu wa Pwani, wana kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na shirika la Uingereza la Wellcome Trust tangu 1989, wenye uzoefu wa kufuatilia jamii kwa miaka. Waalikwe wakae na madaktari wetu wa macho. Na siku utafiti utakapofika, maelezo ya ridhaa yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka Kizingitini, na atakayekataa kushiriki asinyimwe matibabu.

Mheshimiwa, jicho la pili la shangazi bado linaona, na nauli ya Mombasa ni mzigo kwa kila anayemfuata njia hiyo. Naomba mambo haya yaingizwe katika makadirio ya bajeti ijayo ya afya, na tuelezwe waziwazi kwenye vikao vya maoni ya wananchi ni kiasi gani kimetengewa macho.

Wako mwananchi,
Mkaazi wa Langoni, Lamu