YAH: Kufunga Muhula wa Kwanza, na Suala la Beji za Skauti

Ujiji, Kigoma

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Natumaini mu wazima huko nyumbani. Tunafunga shule Ijumaa hii saa 6 mchana, na kila mtoto atakuja na ripoti yake ndani ya bahasha. Isomeni, isainiwe, irudi siku ya kufungua. Wenye deni la mahindi na maharage ya chakula cha mchana wanajijua. Mwalimu wa chakula ana daftari lake. Hayo yanatosha, maana barua ya safari hii nimeiandika kwa jambo jingine.

Wiki mbili zilizopita skauti wetu 14 walivishwa beji ya huduma ya kwanza, kati ya 31 waliojitokeza kupimwa. Tangu siku hiyo simu yangu haijapoa. Wazazi wawili wamefika ofisini wamevaa kama wanaokwenda kuposa. Swali ni lile lile: mwanangu amekosa nini? Mmoja alikwenda mbali zaidi, akauliza beji ni shilingi ngapi ili alipe yaishe.

Sikumkasirikia, kwa sababu mazoea hayo nimeyachangia mwenyewe. Mwaka juzi tulikuwa na mgeni, nami nikamwambia kiongozi wa skauti awavishe watoto wote beji ili gwaride lipendeze. Lilipendeza kweli. Mgeni akasimama mbele ya mtoto wa kwanza, akaona beji ya mafundo ya kamba kwenye mkono wa shati, akatoa kamba mbili na kumwomba aziunganishe. Mtoto akazishika, akazizungusha, akazitazama, kisha akanitazama mimi. Nikajifanya nasoma ratiba. Mgeni akafunga fundo mwenyewe, akampigapiga begani, akasonga mbele. Mtoto yule hakurudi tena kwenye skauti, na sina wa kumlaumu ila mimi.

Basi nieleze beji inavyopatikana, tusije tukagombana bure. Uskauti ulianzishwa na Mwingereza, Baden-Powell, ambaye mwaka 1907 alikusanya wavulana 20 hivi kwenye kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, wajifunze kwa kutenda. Beji za ujuzi zimetokana na wazo hilo. Mtoto anachagua ujuzi mwenyewe. Anafundishwa, anafanya mazoezi na wenzake wa kikundi, halafu anapimwa. Hapa shuleni tumeamua kwamba anayempima asiwe yule aliyemfundisha. Huduma ya kwanza anapima muuguzi mstaafu wa hapa mtaani, na kamba anapima fundi wa mitumbwi, ambaye hana simile hata kidogo. Ukishindwa, unarudi ukishajiandaa. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho, na hapo ndipo wengi mnapochanganya jambo hili na mtihani wa darasani. Wote 31 wangeweza kupata. Angeweza pia asipate hata mmoja.

Kuna binti wa darasa la sita amepimwa mara tatu. Kazi ilikuwa kumfunga mwenzake mkono "uliovunjika" kwa skafu. Mara ya kwanza fundo liliteleza, mkono ukaning'inia. Alikuwa amepitisha ncha ya kulia juu ya ya kushoto, kisha akarudia vile vile, badala ya safari ya pili kuipitisha ya kushoto juu ya ya kulia ili fundo lilale bapa. Mara ya pili fundo likawa zuri ila amelikalisha juu ya uti wa mgongo, na muuguzi akamuuliza: "Mgonjwa wako akilala chali itakuwaje?" Binti akalia. Nilitamani kuingilia kati, nikajikaza. Mama yake ameniambia baadaye kwamba kwa siku tisa hakuna mtu aliyekaa kwa amani nyumbani kwao. Kila anayeketi anafungwa mkono, mpaka bibi akawa anakula ugali kwa mkono mmoja. Mara ya tatu alimfunga mwenzake huku akizungumza naye, "pole, naipitisha hapa, nikikuumiza uniambie," na fundo likakaa pembeni ya shingo, juu ya mtulinga. Muuguzi hakuuliza kitu. Akasaini.

Nimepokea pia malalamiko kwamba skauti wanawakosea adabu wakubwa. Mtoto mmoja alimzuia shangazi yake kupaka mawese kwenye mkono wa mdogo wake aliyemwagikiwa uji. Kama alipaza sauti, nitazungumza naye. Ila kuhusu mawese, mtoto yuko sahihi. Mafuta yanazuia joto lisitoke, na dawa ya meno haina nafuu yoyote. Kidonda cha moto kinapozwa kwa maji safi yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20 hivi, kisha kinafunikwa kwa kitu safi na mtoto anapelekwa zahanati. Kama bomba halitoki, na tunajua lisivyotoka, mnamimina kwa kata polepole. Mawese yabaki kwenye maharage.

Swali jingine limetoka kwa wavuvi: watoto wa ziwani, iweje wasipewe beji ya kuogelea? Wengi wao wanajua kupiga mbizi kabla ya kujua kusoma, sibishi. Lakini ziwa letu, Tanganyika, lina kina cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya ziwa Baikal la Urusi, na halijali kama mtoto ni wa Ujiji au ni mgeni. Mamba nao wapo. Shule haina mwokoaji wala mahali palipozungushiwa, kwa hiyo sitawapeleka watoto majini kwa ajili ya kitambaa. Tunachofanya ni uokoaji wa nchi kavu. Mtu anapozama, skauti anapaza sauti kuita wakubwa. Kisha anamnyooshea fimbo au kasia, akiwa amelala kifudifudi asivutwe. Asipomfikia, anamrushia kamba au kitu kinachoelea. Kumfuata kwa kuogelea hakumo kwenye somo letu, maana anayezama humkumbatia anayemwokoa, na mnaondoka wawili.

Mtihani tunaufanya uwanjani. Dumu la lita 5 linatiwa maji kidogo ili lipate uzito wa kurushika, linafungwa kizibo, linafungwa kamba. Mwenzake anakaa chini mita 10 mbele, amefumba macho na kunyoosha mikono. Dumu linatakiwa limpite kidogo, liangukie nyuma yake, kamba imteremkie begani. Likimpiga kichwani, umeshindwa. Majirani wa shule wameshaacha kushangaa.

Mkikuta nyumbani mishale ya vijiti na alama za msalaba mchangani, wala msiite mtaalamu. Ni alama za njia: mshale ni pita huku, msalaba ni usipite. Duara lenye nukta katikati maana yake ni nimekwenda nyumbani. Alama hiyo imechongwa kwenye kaburi la Baden-Powell pale Nyeri, Kenya, alikofia mwaka 1941. Watoto wanaipenda kuliko zote. Juzi niliikuta imechorwa kwa chaki kwenye mlango wa ofisi yangu, saa 9 alasiri, nikiwa bado nimo ndani.

Sasa maombi yangu. Msiwanunulie watoto beji sokoni. Kuna shati moja nimelivua beji mbili mbele ya mwenye nalo, na sikuifurahia kazi hiyo. Mtoto akiomba kamba ya mita 2, mpeni hata iliyochakaa, afunge mbuzi, afunge mzigo wa kuni, afungue, afunge tena. Na anapofanya mazoezi, msimfungie fundo. Nyamazeni akosee.

Wale 17 watapimwa Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua shule, saa 3 asubuhi, chini ya mwembe. Mzazi anaruhusiwa kuja kutazama, mradi akae mbali na asitoe ishara. Kila mtoto aje na skafu iliyofuliwa, na tunaomba madumu matupu matatu. Yale ya zamani yamepasuka.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu