Usinunue laptopu kwa kusoma stika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaonunua laptopu zilizotumika. Wengi wakifika dukani hutazama stika iliyo karibu na kibodi, wakaona "Core i5", wakaambiwa RAM ni 8GB, wakatoa pesa. Stika hubanduliwa ikabandikwa kwingine. Ipo programu ndogo ya bure, fastfetch, inayouliza mashine yenyewe na kukupa majibu papo hapo kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Masomo mengi ya zamani mtandaoni bado yanaelekeza neofetch, programu ya zamani ya kazi hiyohiyo. Achana nayo. Toleo lake la mwisho, 7.1.0, ni la 2020, na mradi ulifungwa Aprili 2024.

Unachohitaji ni flashi ya 8GB iliyowekewa Debian 13 (mfumo wa kompyuta wa bure, kama Windows ilivyo mfumo) ya "live", yaani inayowaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski ya muuzaji. Ichomeke, washa mashine huku ukibonyezabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, kisha uichague. Unganisha intaneti ya simu, fungua terminali, andika:

sudo apt update
sudo apt install fastfetch
fastfetch

Mstari wa CPU, yaani prosesa, usiupite haraka. "i5-3320M (4)" na "i5-8250U (8)" zote ni Core i5, ila ya kwanza ni kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, yenye viini (cores) viwili. Ya pili ni kizazi cha nane, yenye vinne. Namba iliyo kwenye mabano ni ya nyuzi (threads), yaani kazi ambazo viini vinaweza kushughulikia kwa pamoja, si ya viini, na hapo wauzaji hujichanganya, au hutuchanganya. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 kwa kawaida huanzia kizazi hicho cha nane, na Windows 10 haihudumiwi tena na Microsoft tangu Oktoba 14, 2025. Tofauti ya bei ianzie hapo.

RAM ya 8GB itasomeka kama 7.6 GiB hivi. Usigombane na mtu: sehemu imeshikwa na michoro ya ndani ya prosesa na mfumo wenyewe. Ikisomeka 3.7, hapo uliza, maana huenda kipande kimoja kimechomolewa au tundu lake limekufa.

Panapowapoteza wengi ni diski. Ukiwasha kwa flashi, mstari wa "Disk (/)" huonyesha eneo la muda lililokatwa kwenye RAM, mara nyingi nusu yake, kwa hiyo mashine yenye SSD (diski isiyozunguka) ya 500GB inaweza kuonekana ina GiB 4 tu. Diski halisi iulize hivi:

fastfetch -s physicaldisk

SSD ya 500GB itatoa takriban 465 GiB, na ya 256GB takriban 238. Hakuna aliyeiba kitu. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, programu inahesabu kwa 1024. Flashi yako nayo itaorodheshwa humo, usiihesabu.

Fastfetch haipimi uchakavu. Ikiandika betri 97%, hiyo ni chaji iliyomo sasa hivi. Tumia "upower -d" ulinganishe energy-full na energy-full-design: ya kwanza ikiwa 24 na ya pili 48, betri imebaki nusu, hata kama imejaa. Kwa diski, weka programu ya smartmontools (sudo apt install smartmontools), kisha "sudo smartctl -a /dev/sda". Kwenye diski ya kuzunguka, tazama mstari wa Reallocated_Sector_Ct (sehemu zilizoharibika na kubadilishwa): namba ya safu ya mwisho, RAW_VALUE, ikiwa juu ya sifuri, omba ibadilishwe au ondoka. Kwa NVMe (aina ya SSD ya kasi) andika /dev/nvme0 na utazame Percentage Used. Ikikaribia 100, uhai aliouhesabu mtengenezaji unakaribia kwisha.

Wauzaji nao, badala ya kutangaza "Core i5, safi kabisa", wangeweka picha ya matokeo haya. Wasipige picha ya fastfetch nzima, kwa sababu huonyesha pia jina la mtumiaji na anwani ya IP ya ndani. Hii inatosha:

fastfetch -s cpu:memory:physicaldisk

Msomaji wako,
Dar es Salaam