Mwandishi wenu aliangalia Devdas ipi?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia, hata siku mlipochapa picha ya kanga kichwa chini miguu juu. Lakini ile makala ya Jumapili kuhusu filamu ya Kihindi ya Devdas nimeshindwa kuimeza. Unaikumbuka, ilijaa ukurasa mzima wa burudani, na picha kubwa ya Aishwarya Rai machozi yakimlenga. Mwandishi wenu anasema ameirudia filamu ya Sanjay Leela Bhansali ili aipe haki yake, na hukumu aliyotoa ni ileile ninayoisikia tangu 2002: mapambo matupu, taa nyingi, nguo nyingi, na nyimbo zinazoisimamisha hadithi njiani kama basi lililopasuka tairi.

Basi kalitaja mwenyewe. Na mimi nitaanzia kwenye basi.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Tanga kwenda Dar es Salaam kumwona mwanangu. Tulipoiacha Segera, utingo akachomeka flashi kwenye televisheni, ikatokea Devdas, ile iliyotafsiriwa, mtu anaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Nikafurahi, nikavaa na miwani. Tukafika pale Sumitra, mama yake Paro mpenzi wa Devdas, anapokwenda kwenye jumba la kina Devdas, majirani wenye mali, na kuombwa acheze. Yule mtafsiri akasema kwa sauti yake ya kukoroma, "Hapa wanacheza tu, tusonge mbele," na filamu ikaruka. Ilipotua, Sumitra analia na kuapa. Kijana aliyekaa kando yangu akaniuliza, "Mama, huyu kafanyiwa nini?"

Kafanyiwa nini! Kachezeshwa, mwanangu, ndicho alichofanyiwa. Kina Devdas wanajua kwamba ukoo wa Sumitra una asili ya uchezaji ngoma, na kwao hiyo ni aibu. Wakamsifu, wakamwomba, mama wa watu akacheza kwa furaha zake zote akidhani ameshakuwa mkwe, huku filamu ikitoka na kurudi, mara yeye ukumbini, mara binti yake na Devdas huko mtoni. Alipomaliza, jasho halijamkauka, akataja ndoa. Akaambiwa mbele ya wageni kwamba nyumba ile haichukui mke kwa wacheza ngoma. Miguu waliyoiomba icheze ndiyo hiyohiyo waliyomsutia. Ndipo akaapa kumwoza Paro kwa tajiri kuwashinda wao, na kweli akamwoza kwa Bhuvan, mjane mwenye watoto, ambaye moyo wake bado uko kwa marehemu mkewe. Ukiukata wimbo ule umekata tusi. Tusi likikatwa hakuna kiapo, kiapo kisipokuwepo hakuna ndoa, na bila ndoa ile Shah Rukh Khan, ndiye Devdas mwenyewe, anakunywa pombe saa nzima bila sababu. Sasa namuuliza mwandishi wenu, na namuuliza kwa adabu: aliangalia Devdas ipi? Maana anayelalamika kwamba hadithi haina kisa na nyimbo ni nyingi, namwona kama mtu aliyekula mchele mbichi akamlaumu mpishi.

Nguo nazo. Mimi ni fundi cherehani, Mhariri. Kanda ya ile filamu ilipofika mjini kwetu, mabibi harusi walikuwa wanakuja na kava lake mkononi, "Fundi, nishonee kama la huyu." Nimeshona zari mpaka ncha za vidole zikafanya sugu, nikapachika shanga usiku kwa taa ya chemli umeme ukikatika. Kwa hiyo nguo ile naijua kwa uzito wake begani, siijui kwa picha ya gazeti. Sari ya kawaida ni mita tano na nusu, labda sita. Sasa mtazame Paro mwishoni, amesikia kuna mtu anakufa nje ya lango na amejua ni Devdas. Anakimbia kwenye baraza na ngazi za jumba la mumewe, na pindo la sari linamfuata, linafuata, yeye ameshapinda kona na kitambaa bado kinapita. Hizo si mita sita. Nguo imeongezwa makusudi, ili uone jinsi nyumba ile ilivyomshika hata anapokimbia. Na lango linafungwa kabla hajafika. Zile taa na vioo alivyovidharau mwandishi wenu ndivyo gereza lenyewe. Sumitra alitaka utajiri umlipizie kisasi, mwanawe akafungiwa ndani yake.

Kuna hoja moja ya mwandishi naiheshimu, kwa sababu wengi waliisema kabla yake. Kwenye kitabu cha Sarat Chandra Chattopadhyay, kilichochapishwa mwaka 1917, Paro na Chandramukhi hawakutani. Bhansali amewakutanisha, tena akawachezesha pamoja kwa sari nyeupe za pindo jekundu, Aishwarya na Madhuri Dixit, na wapenzi wa kitabu hawajamsamehe mpaka leo. Sawa. Lakini waulize wamekutanaje. Paro amekwenda kwenye nyumba ya Chandramukhi, mwanamke wa danguro, kuchukua udongo wa uani kwake, kwa sababu mila inataka udongo huo uchanganywe kwenye sanamu ya Durga, mungu wa kike wa Wahindu. Udongo wake unatakiwa, yeye hatakiwi. Paro akamwalika sikukuuni hata hivyo, wakacheza, kisha akatokea mwanamume aliyemjua kwa kazi yake akamfichua mbele ya wageni. Yule yule mwanamume mteja wake! Chandramukhi akamzaba kibao, na mimi nilipoona mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu sebuleni. Kitabu ni cha mwenyewe, na Bhansali kakigusa. Ila kile kibao ningekikosa.

Marehemu mama yangu hakuipenda. Yeye alikuwa wa Devdas ya zamani aliyoigiza Dilip Kumar, ile ya Bimal Roy ya mwaka 1955, nyeusi na nyeupe, na alikuwa akisema kwamba zamani walitutoa machozi bila kutuonyesha dhahabu. Nilibishana naye miaka. Sasa hayupo, na nakiri kwamba mambo mengine alikuwa na haki. Shah Rukh anapiga kelele mno. Na pale Devdas anapompiga Paro kwa mkufu usoni siku ya harusi yake, akamwachia kovu, filamu inalipamba lile kovu kana kwamba ni zawadi. Hapo sina la kumtetea Bhansali, na nashangaa mwandishi wenu aliyehesabu taa zote hakuliona kovu.

Lakini Mhariri, nani amewapa hawa watafsiri ruhusa ya kutuchagulia? Kuna wenye kipaji, nawajua, wanakuchekesha mpaka unasahau nauli. Huyu wa kwenye basi alimwita Chandramukhi jina ambalo siwezi kuliandika, watoto wamejaa mle ndani, sauti imefunguliwa mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Nilipomwomba utingo apunguze, alinijibu, "Mama, muvi si yako." Na nilipomwambia arudishe kwenye wimbo, abiria wakacheka. Watu wa Tanga wacheke wimbo wa filamu ya Kihindi! Sisi ambao nusu ya taarabu tuliyochezea harusini mahadhi yake yalitoka huko huko kwenye sinema, mama zetu wakitoka kuangalia wanarudi wanayaimba mpaka nyumbani bila kujua neno moja la Kihindi. Hakuna aliyewatafsiria, na hakuna aliyewarukisha. Walielewa kwa sababu waliachiwa nyimbo.

Mwisho nina pendekezo. Mwandishi wenu aje Ngamiani siku ya Alhamisi, baada ya Alasiri, aulize kwa fundi mwenye cherehani mbili mlangoni. Diski ninayo, nzima, haijakatwa, saa tatu kasoro kidogo ama na kidogo. Aje na kiti chake kwa sababu changu kimoja kimevunjika mguu. Simu ataiweka kwenye kopo la biskuti ninalowekea vifungo, na kifuniko nitakifunga mimi. Sumitra akianza kucheza, ruhusa ya kwenda msalani hakuna. Chai ipo, na vitumbua nitaagiza kwa jirani, atalipa yeye. Na akitaka kuandika tena baada ya hapo aandike anavyotaka, ila sari ya Paro aipime kwanza, futi ya kupimia nitamwazima.

Fundi wa Ngamiani,
Tanga