Majumba mapya Kisumu yatuachie kivuli

Mhariri,

Majumba mapya yanayoinuka katikati ya Kisumu yanapendeza, ila hayana veranda. Duka la zamani la Kihindi likibomolewa, kinachopanda mahali pake ni ukuta wa vioo uliosogea hadi ukingoni mwa njia ya miguu. Ukipita hapo saa saba mchana unachomwa mara mbili, na jua lenyewe na lile linalorudishwa na kioo.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu imekaa kwenye veranda ya duka moja karibu na Barabara ya Oginga Odinga tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, kwa hivyo kivuli ndicho ofisi yangu. Lakini sikujua kwamba kuna miji iliyokiandikia amri, mpaka binti yetu anayefanya kazi Singapore alipotulipia nauli mimi na mume wangu, tukatembea huko, kisha Penang ya Malaysia, Bangkok ya Thailand na Ho Chi Minh City ya Vietnam.

Joto la huko si mchezo. Wanaolalamikia jua la Kisumu hawajashuka Bangkok mwezi wa Aprili. Sisi tuko karibu na ikweta kama Singapore, ila tumeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa ziwa hutupoza jioni. Kule hewa imeshiba maji na jasho halikauki. Nguo inakuganda mgongoni asubuhi, na usiku bado imeganda. Mume wangu, Baba Akinyi, ambaye hapa nyumbani havui koti hata akienda soko la Kibuye, alilivua uwanja wa ndege na sikuliona tena hadi siku ya kurudi.

Kilichonishika ni George Town, kisiwani Penang. Mitaa ya zamani ni maduka yaliyoshikana, chini biashara, juu makao, na ghorofa ya juu imetokeza mbele ikabebwa na nguzo. Chini yake ndipo watu wanapopita, duka hadi duka, bila kuguswa na jua wala mvua. Wanaiita njia ya futi tano. Chanzo chake ni agizo la mwaka 1822, wakati Raffles, Mwingereza aliyepanga mji wa Singapore, alipotaka kila nyumba iwe na veranda iliyo wazi wakati wote, iungane na ya jirani pande zote mbili za barabara. Yaani ploti ni yako, lakini mpita njia hafungiwi.

Chini ya nguzo moja nilimkuta mzee wa Kichina akipunguza suruali. Cherehani ya kukanyaga, meza imeliwa pembe, mkanda wa ngozi umekatika na kuungwa kwa waya, vilevile kama wangu. Hatukuwa na lugha ya kuongea. Niliinama nikatazama pindo lake (limenyooka, lazima niseme) naye akanisogezea kigoda. Mtu akapita katikati yetu akikokota baiskeli, na hakuna aliyelazimika kunyanyuka.

Sisemi kwao kila kitu ni sawa. Hapo hapo George Town wapo wenye maduka waliojaza pikipiki na makreti mpaka unashuka barabarani. Bangkok njia nyingi ziko juani kabisa. Ahueni ni lile daraja refu la waenda kwa miguu chini ya reli ya juu, au kuingia 7-Eleven kutafuta baridi kwa kisingizio cha kununua maji. Baba Akinyi alinunua maji mengi sana. Ho Chi Minh City inaokolewa na miti mirefu iliyopandwa enzi za Wafaransa. Huko huko Vietnam, wakuu wa Hanoi walipotaka kukata miti 6,700 mwaka 2015, wakazi walipiga kelele hadi mpango ukasimamishwa. Hapa msumeno ukija kupanua barabara sisi tunatoa simu tupige picha.

Reli ilifika ziwani mwaka 1901, na Wahindi waliofungua maduka nyuma yake walijenga veranda kwa sababu walilijua jua. Kwa nini wajukuu wa mji huu wajenge kana kwamba wako Ulaya? Naomba kaunti, kabla ya kuidhinisha ramani yoyote ya jumba katikati ya mji, idai veranda ya mita mbili inayoungana na ya jirani. Mwenye ploti atalia kwamba anapoteza nafasi. Ghorofa za juu zitatokeza juu ya nguzo, kwa hivyo huko juu hapotezi hata chumba kimoja cha kukodisha, na wanaojikinga mvua mlangoni pake wengi wataishia kuingia ndani. Sisi mafundi na wachuuzi nasi tuchorewe mstari wa kutovuka. Atakayeuvuka aondolewe, hata nikiwa mimi.

Mhariri, kama unadhani natia chumvi, tuma mpiga picha wako mjini siku yoyote isiyo na mawingu, saa saba hivi. Asimame mbele ya jumba la vioo, kisha mbele ya duka la veranda, apige picha watu wanakopita, na uzichapishe zote mbili.

Fundi wa nguo,
Kisumu