Gari la dizeli halipimwi kwa namba ya dashibodi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua. Katika kurasa za matangazo ya magari kuna maneno mawili yasiyokosekana: "kilomita chache". Mtu anayetafuta Prado au Hilux ya dizeli huanzia hapo, na wengi huishia hapo hapo. Sisi tunaozifungua injini hizi tunaona namba ile ni ya mwisho kuaminiwa. Prado iliyotembea kilomita 310,000, yenye daftari linaloonyesha oili ilimwagwa kila kilomita 5,000, tungeinunua kabla ya ile ya 130,000 isiyo na karatasi hata moja.

Namba yenyewe hurudishwa nyuma kirahisi. Mwenye kifaa humaliza kazi kabla chai haijapoa. Uchakavu ndio haurudi. Raba ya pedali ya breki iliyolika hadi chuma, mkanda wa kiti cha dereva uliochanika nyuzi na usiojivuta, mlango unaotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunge: mambo hayo hayaji kwa kilomita 130,000. Kwa gari lililoingia kutoka Japani, omba uone cheti cha kufutiwa usajili kule, kwa sababu huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Angalia na vibandiko vya Kijapani chini ya boneti. Mara nyingine kimoja hutaja tarehe na kilomita za kubadilisha mkanda wa taimingi, ule unaopangilia mwendo wa vali na pistoni, na simu yako inaweza kukutafsiria.

Tuchukue injini inayoulizwa kuliko zote, 1KD-FTV: lita 3.0, silinda nne, iliyomo kwenye Prado 120 (2002 hadi 2009), Hilux Vigo na Hiace nyingi. Kinachoiua mapema ni washa, yaani pete ndogo za shaba, zilizo chini ya injekta zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Kazi ya washa hizo ni kuzuia moto wa silinda usipande juu. Zikilegea, gesi yenye masizi hupenya hadi chini ya kava ya tepeti, hujichanganya na oili na kugeuka lami. Lami ile hushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio ambalo pampu hunyonyea oili. Taa nyekundu ya oili inapowaka, beringi za krenki na turbo huwa zimeshaanza kukwanguka. Washa nne ni kitu cha bei ndogo. Injini anayonunua mtu baadaye sivyo.

Kwa hiyo nenda kulitazama gari alfajiri, na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini na kwenye mpira wa juu wa rejeta. Vikiwa na joto, ahirisha hadi kesho. Muuzaji aliyeamka mapema kukupashia injini hakukufanyia ukarimu. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha oili, umulike ndani kwa tochi. Utando mweusi mwororo ni kawaida ya dizeli, na oili kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa isikutishe. Magamba magumu kama mkaa yakutishe. Oili iliyopita alama ya juu kwenye kijiti na kunuka dizeli ina maana mafuta yanavujia ndani. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji.

Fungua swichi bila kuwasha. Taa ya injini na ya oili lazima ziwake zote mbili. Isiyowaka kabisa pengine imechomolewa. Sasa washa. 1KD yenye afya hushika ndani ya sekunde mbili au tatu, na taa ya oili huzima papo hapo. Ikizungushwa sana ndipo ishike, wakati betri ni nzima, shaka ni injekta zinazovuja au vali ya pampu inayopima mafuta. Mtu asimame nyuma aangalie moshi. Mweupe unaonuka dizeli mbichi, injini ikitetemeka, unatokana na injekta, hita plagi (zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha) au kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, iliyoshuka. Mweupe wenye harufu tamutamu usioisha ni maji ya rejeta yanayoungua. Wa bluu ni oili. Mweusi huja ukikanyaga mafuta, nao mara nyingi husababishwa na chujio la hewa lililoziba au mpira wa intakula (kipoza hewa ya turbo) uliopasuka, matengenezo madogo yanayoweza kukupunguzia bei vizuri.

Injini ikiunguruma, legeza tena kifuniko cha oili. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa na moshi ukatoka kwa mapigo, mafundi wengi watakwambia "inapumua, ringi za pistoni zimekwisha". Kwa 1KD tusiharakishe kuhukumu, kwa kuwa washa za injekta zinazovuja hutoa dalili ileile. Kinachotofautisha ni kipimo cha kompresheni, na kwa gari la bei hii kipimo hicho kinastahili nusu siku. Siku hiyohiyo fundi apitishe kamera ndogo ya waya kwenye tundu la kumwagia oili, au afungue sampu ndogo ya chini, alitazame lile chujio. Injini hii huchukua takribani lita 7 za oili, hivyo kubaliana mapema na muuzaji nani atailipia. Chujio likiwa na lami, usibishane bei. Ondoka.

Chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma taratibu, soma marekebisho ya kila injekta: zikikaa kati ya -3 na +3, zinafaa; inayovuka hapo inaelekea mwisho. Kisha fungua maji ya chini ya chujio la dizeli kwenye chupa ya kioo. Maji kidogo hutupwa tu. Unga unaometameta kama fedha ni chuma cha pampu ya presha, na kikishapita huko huharibu injekta zote. Magari yaliyofanya kazi nchini enzi za uchakachuaji, dizeli ilipochanganywa na mafuta ya taa, kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa mwaka 2011, tuyachunguze zaidi hapa, maana mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli.

Mkanda wa taimingi wa 1KD hubadilishwa kila kilomita 150,000. Taa yake kwenye dashibodi huzimwa na yeyote anayejua, kwa hiyo kuzima kwake si ushahidi. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa: ukikatika, vali hugonga pistoni.

Majaribio ya barabarani yafanywe mlimani, si kuzunguka mtaa. Kwa huku kwetu Arusha, kupanda kutoka Mto wa Mbu kuelekea Karatu kunatosha. Walio Iringa wana Kitonga. Usitegemee mshale wa joto: kwenye Toyota hizi hukaa katikati kwa muda mrefu, ukianza kupanda maji yameshachemka. Soma joto halisi kwenye mashine. Likipita nyuzi 100 kwenye mpando wa kawaida, rejeta imeziba au feni haishiki. Kwa 1KZ-TE, ile ya kabla ya 1KD, tungeanzia hapa kabla ya kitu kingine chochote, maana joto hupasua silinda hedi yake. Iwashe ikiwa baridi. Mpira wa rejeta ukiwa mgumu kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Arusha kuna soko jingine: Land Cruiser zilizostaafu kazi ya watalii, zenye 1HZ ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Kwa hizo kilomita 500,000 hazitushtui. Chujio la hewa ndilo tunalolitazama kwanza. Lichomoe, kisha pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Vumbi likishika kidole, injini imekuwa ikila mchanga wa mbugani, na mchanga husaga ringi na kuta za silinda kimyakimya. Kisha lala chini ya gari uzitazame chasisi zilizorefushwa, hasa kwenye maungio ya welding. Nyufa zilizopakwa rangi mpya hugundulika kwa nyundo ndogo.

Kuhusu magari ya Ulaya ya Euro 5 (kiwango chao cha moshi) yenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi, jibu letu ni fupi. Kichujio kile hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu wenye joto. Anayekwenda kazini kilomita 6 na kurudi atakiziba hata gari likiwa jipya. Mtu wa safari hizo anunue Prado ya petroli ya 2.7, aachane na dizeli.

Bei mwisho hutokana na karatasi moja. Andika kinachodaiwa ndani ya kilomita 50,000 zijazo: mkanda wa taimingi na tenshona (kikazio) yake, pampu ya maji, hita plagi, washa za injekta, na injekta zote nne kama gari limevuka 200,000 bila rekodi. Uliza bei kwenye maduka matatu ya spea, ongeza ufundi, toa jumla hiyo kwenye bei ya gari zima. Prado "ya bei nafuu" mara nyingi hutoka hapo ikiwa ghali kuliko ya jirani iliyotembea kilomita laki tatu.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Fomu ya matangazo ya magari iongezewe mistari miwili chini ya ule wa kilomita: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na injekta ziliguswa lini. Asiyejua ajaze "sijui".

Mafundi wa dizeli,
Arusha